Umetubu. Je, Umemrudishia?

Katika siku za mwisho za mwaka 1933, walimu na wahudumu wa kituo cha misheni cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, walikuwa kwenye mkutano wa maombi. Ulipokaribia kwisha, mtu mmoja alisimama akataja dhambi yake mbele ya wote. Akafuata mwingine, na mwingine, na kwa saa kadhaa hapakuwa na wa kuufunga mkutano. Kuni za moto ule zilikuwa zimekusanywa tangu Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, ambapo daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoshwa na kazi ya Gahini na njaa kali iliyoipiga Rwanda, alikaa siku mbili na Mganda Simeoni Nsibambi wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka Gahini moto ulipita Kigezi, Buganda, Burundi, Bukoba na nchi ya Wakikuyu. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Sisi tumezoea kuuita Uamsho wa Afrika Mashariki.

Machozi na nyimbo za Uamsho vinasimuliwa sana. Mimi kinachonishika zaidi ni vitu vilivyorudi. Waliookoka walirudisha walichoiba kwa majirani, kwa waajiri na kwenye stoo za misheni. Walilipa madeni ambayo hata mdai alikuwa ameshayasahau. Waliwafuata wake zao, waume zao, mabwana wao wa kazi na watumishi wao, wakasema, "Nilikukosea hivi." Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mara baada ya kuokoka, akaenda safari ndefu kumwomba msamaha Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia moyoni. Wamisionari nao, katika nchi zilizotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao. Wandugu, kama watu wa Uamsho walivyoitana, waliliita jambo hili kutembea nuruni, wakitegemea andiko la 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote."

Lisome tena andiko hilo. Nuru, ushirika na kusafishwa vimefungwa katika sentensi moja. Mtume hakutoa utakaso wa mtu aliyejifungia chumbani na Mungu wake huku jirani akibaki nje na kidonda chake. Hapo ndipo naona toba yetu ya leo imepunguka.

Nenda mkutano wowote wa injili uwanjani, au fungua redio usiku. Mhubiri atasema, "Inua mkono wako wa kulia, fuatisha sala hii." Watu watafuatisha. Sala ni nzuri, na sina shaka kwamba Mungu husikia hata neno moja la mtu aliyechoka na dhambi. Kisha mhubiri atasema, "Kuanzia sasa umeokoka, umesafishwa, jina lako limeandikwa." Watu watapiga makofi, watapewa namba ya simu ya kanisa, wataambiwa waje Jumapili. Ni mara chache sana utasikia mtu akiulizwa, "Ulimkosea nani? Una kitu cha nani nyumbani kwako?" Kiwanja ulichomdhulumu mjane kinabaki kwa jina lako. Mshahara wa dada wa kazi uliyemfukuza bila kumlipa unabaki haujalipwa. Uvumi uliomharibia mwenzako kazi haurudishwi pale ulipouanzishia.

Kuna toba nyingine ambayo imeshika kasi katika makanisa mengi: toba kwa ajili ya ukoo. Watu wanakesha wakitubu mizimu ya bibi, maagano ya babu, damu iliyomwagwa na watu wasiojulikana hata majina. Silidharau lengo lao, kwa kuwa wengi huja na maumivu ya kweli. Ila Ezekieli 18 inasema waziwazi kwamba "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Na dhambi ya babu ina unafuu mmoja wa hatari: haidai kitu kwako. Unaweza kuililia hadi alfajiri bila kwenda kwa mtu yeyote, bila kulipa shilingi, bila kuaibika mbele ya jirani. Wakati huohuo Yakobo 5:4 inamzungumzia tajiri aliye hai: "ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Ujira huo haungoji mkesha. Unangoja kulipwa.

Wapo watakaosema hapa naingiza wokovu kwa matendo, na hoja yao ni nzito. Kama damu ya Yesu inasafisha dhambi yote, malipo ya nini tena? Mwizi msalabani hakurudisha kitu, akaingia peponi siku ileile.

Ni kweli, na atakayenyang'anya watu neema ile ameiharibu injili. Lakini mwizi yule alikuwa amegongomewa mikono. Zakayo, mtoza ushuru tajiri, alikuwa huru, na tazama mpangilio wa mambo katika Luka 19. Yesu ndiye aliyeanza: alimwita kwa jina, akajialika nyumbani kwake, watu wakanung'unika. Hapo Zakayo alikuwa hajalipa hata senti. Neema ilikwisha kuingia mlangoni ndipo aliposimama akasema, "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Yesu akajibu kwamba leo wokovu umefika nyumba ile. Zakayo hakununua ugeni wa Bwana. Ugeni ule ndio uliomfungua mkono uliokuwa umekamata mali za watu.

Na katika jambo hili makanisa yanayobishana kwa mengine hayako mbali hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ondoleo la padri linafuta dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote ulioletwa na dhambi, kwa hiyo mwenye kuungama apaswa kufanya awezalo, kama kurudisha kilichoibwa au kumrudishia mtu heshima aliyomvunjia. Martin Luther alipozikataa hati za rehema, vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, mwaka 1517, hoja ya kwanza kati ya 95 ilisema kuwa Bwana wetu alipotuambia tutubu, alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Aliyempinga Luther na aliyemfuata wote wangeshangaa kuona toba ikimalizika kwa dakika mbili za kufuatisha maneno.

Andiko linalotumiwa zaidi kujitetea ni la Daudi, Zaburi 51:4: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Wewe peke yako? Na Uria Mhiti, aliyetwaliwa mke kisha akapelekwa mstari wa mbele ili auawe? Na Bathsheba, mke huyo mwenyewe? Wahubiri wengi wanaupita mstari huu haraka kana kwamba Daudi amewafuta watu hao kwenye hesabu. Mimi nausoma kinyume. Daudi anakiri kwamba kumgusa Uria ni kumgusa Mungu aliyemwumba Uria, na kwa hiyo hakuna mahakama ya chini ambako mfalme anaweza kuimaliza kesi kwa cheo chake. Kumbuka pia jinsi toba ile ilivyoanza. Daudi hakuguswa akiwa peke yake chumbani. Nabii Nathani alimwendea na habari ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja, mfalme akaghadhibika, akasema kondoo yule lazima alipwe mara nne. Ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hata katika hasira yake Daudi alijua sheria inataka kurudisha. Alisamehewa papo hapo, lakini Uria alikuwa kaburini, na sehemu kubwa ya huzuni ya kisa hiki ni kwamba yapo makosa ambayo mwenyewe hayupo tena wa kurudishiwa.

Nisiwapake watu wa Uamsho mafuta kuliko walivyostahili. Kuungama hadharani kulikuwa na madhara yake. Kulizaa mashindano ya ushuhuda, kukaweka siri za watu wengine midomoni mwa umati, na wakati mwingine ushirika uligeuka kuwa mahali pa kumchunguza asiyevunjika vya kutosha. Makanisa nayo hayakujua la kufanya na watu hawa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, miongoni mwao William Nagenda, kwa kuwa walikataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi chuoni.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la upeo. Miaka ileile ya 1930, Gahini ilipokuwa ikiwaka, utawala wa Wabelgiji ulikuwa ukiwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wandugu waliungama wizi, uzinzi, pombe, uchawi, chuki ya mtu kwa mtu. Dhambi iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali, iliyopita katika shule za misheni na katika vyeo vya kanisa, haikupata siku yake ya kuungamwa kwa kina kama hicho. Miaka 60 baadaye, Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, Nyamata na Ntarama yakiwa mawili tu kati ya mengi, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Wapo wandugu waliokufa kwa kukataa kutengana Mhutu na Mtutsi, na ushuhuda wao ni wa thamani kuu. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha rasmi Novemba 2016, na Machi 2017 Papa Francis akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Ilichukua zaidi ya miaka 20.

Lakini nenda kwenye gacaca, mahakama za vijiji zilizomaliza kazi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili za mauaji hayo. Sheria ilimpunguzia adhabu aliyekiri, na bila shaka wapo waliokiri kwa ajili ya kupunguziwa tu. Hata hivyo kukiri huko kulidai maelezo: ulifanya nini, ulimfanyia nani, ulikuwa na nani, mwili uliutupa wapi. Kwa mama aliyemtafuta mwanawe miaka 10, jibu la swali la mwisho lilikuwa na uzito kuliko machozi ya muuaji. Alipata pa kuchimba, akamzika mwanawe. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa toba inayomfikia aliyekosewa. Na pale palipokosekana kitu, kilikosekana palepale ninapolalamikia leo: wengi waliohukumiwa kulipa mali walizopora hawakulipa, wengine kwa umaskini, wengine kwa kukataa, na manusura wakabaki na msamaha waliouombwa bila ng'ombe wala paa lililochukuliwa.

Kuungama kunaweza pia kuporwa na wenye nguvu. Wakati wa hali ya hatari Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, wandugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, kundi lililopigania ardhi na uhuru dhidi ya wakoloni, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha upande wa serikali, na wengine waliuawa kwa msimamo huo. Upande wa pili, katika kambi za kizuizini, serikali ya kikoloni ilifanya kuungama kiapo kuwa tiketi ya kuhamishiwa kambi nyepesi na hatimaye nyumbani. Watu walipigwa ili waungame. Makanisa yalishirikishwa katika mpango huo ulioitwa wa kuwarekebisha watu. Aliyenyang'anywa ardhi akatakiwa atubu mbele ya aliyeichukua. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza masikitiko, ikaahidi pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228, huku ikiendelea kukataa kuwa na dhima kisheria. Ililipa bila kutubu kikamilifu. Makanisa yetu mengi yana kasoro iliyo kinyume chake.

Kwa hiyo, kila ninaposikia mtu ameitwa aungame, nauliza: anamwungamia nani, na nani hayumo chumbani? Swali hili linaufunua utaratibu tulio nao karibu kabisa, ule wa kurudi kundini. Kila aliyekulia katika makanisa yetu ya zamani Tanzania anaujua. Binti amepata mimba nje ya ndoa, anatengwa, hashiriki Meza ya Bwana, mtoto wake anacheleweshewa ubatizo. Siku inafika anasimama mbele ya usharika, anaulizwa kama anajuta, anaombewa, anarudishwa. Aliyempa mimba mara nyingi yupo palepale kwenye benchi, pengine katika kwaya. Hakutajwa. Matunzo ya mtoto hayakuulizwa. Basi nani alimkosea nani? Ikiwa binti alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 na aliyempa mimba ni mtu mzima, binti yule alipaswa kusimamishwa mbele ya watu kama mkosaji au kuketishwa kama mtu aliyekosewa? Tumemwosha aliyepakwa matope, tukamwacha aliyepaka na mikono yake.

Inafika mahali toba inatumika kuficha jinai kabisa. Mtoto amebakwa na ndugu, mwalimu au mtumishi wa kanisa. Wazee wanaitwa, mkosaji anapiga magoti, analia, anaombewa, wazazi wanaambiwa "Biblia inasema tusameheane", na jambo limemalizwa kifamilia. Hapana. Aliyembaka mtoto na kutubu kweli anakwenda polisi kwa miguu yake, au walau haombi mtu amzuie anayekwenda. Yohana Mbatizaji aliwaambia waliokuja mtoni, "Basi, toeni matunda yapatanayo na toba," na tunda linalopatana na jinai ni kukubali sheria ichukue mkondo wake. Mchungaji anayesimama katikati ya mtoto na haki yake kwa jina la msamaha ameungana na mkosaji.

Na hapa natenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kuirudisha haki ya mtu ni wajibu wa aliyekosa. Kumtaka aliyekosewa akupokee, akukumbatie, akwambie yamekwisha, huo si wajibu wake kwako. Yapo majeraha ambayo kugonga mlango wa aliyeumizwa ni kumwumiza mara ya pili. Aliyempiga mkewe miaka mingi hadi akakimbia hana ruhusa ya kumfuata alikohamia eti anatengeneza. Anaweza kutuma haki zake za nyumba na watoto kupitia wakili au mshenga, akae mbali. Mungu anamsafisha huko huko mbali.

Mathayo 5 inatuambia tukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka palepale tukapatane naye kwanza. Sijawahi kuona ibada ambayo mtu aliiacha bahasha yake mbele akatoka. Wachungaji wangeweza kuifanya iwe kawaida. Anayekuja kutubu aulizwe kwa upole na kwa siri: ni nani uliyemkosea, una nini chake, utamrudishia lini, unahitaji nani akusindikize? Anayesema hana uwezo wa kulipa yote apangiwe kulipa kidogo kidogo, na mzee mmoja amfuatilie. Katika kurudi kundini, wanaume waitwe kwanza. Viongozi wa kanisa wenyewe waanze, maana fedha za ujenzi zilizopotea na mishahara ya walinzi na wahudumu isiyolipwa ni habari zinazojulikana katika sharika nyingi.

Torati ilikuwa makini katika hili kuliko sisi. Hesabu 5 inaagiza mkosaji aungame dhambi, arudishe kitu kizima, kisha aongeze sehemu ya tano juu yake. Walawi 6 inaongeza kwamba atampa mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Na kama aliyekosewa amekufa? Apewe jamaa yake wa karibu. Na kama hana jamaa kabisa? Hapo tu, mwisho kabisa, ndipo malipo yanakwenda kwa Bwana na kuwa ya kuhani. Mtumishi wa umma aliyekula fedha za dawa za zahanati, mfanyabiashara aliyewapunja wakulima kwenye mizani, leo akiguswa moyo hukimbilia kununua viti vya kanisa au vyombo vya muziki, na tunamwombea hadharani abarikiwe. Kuhani aliyewekwa wa mwisho amekuwa wa kwanza kupokea, na wakulima wale wapo hai, majina yao yamo kwenye daftari la mnunuzi, pamoja na kilo walizoleta.